Mkate Kwanza, Maswali Baadaye

Somo: 1 Wafalme 19:4-8

Wapendwa, Eliya alichoka mpaka akaomba kufa. Malaika hakumkemea, wala hakumlinganisha na nabii mwingine. Alimpa mkate na maji, akamwacha alale tena, akamlisha mara ya pili. Ndipo Eliya akapata nguvu za kutembea siku 40 hadi Horebu.

Wazazi wa Bura, KCSE ni ya wiki kadhaa, na joto letu mnalijua. Mtoto akiteka maji jioni, kisha akeshe nawe kwenye maombi mpaka alfajiri, pepa ya asubuhi ataiandikaje? Kesha wewe, yeye alale. Akirudi, usianze na "umepita?" Mpe chakula. Na umwambie sasa, kabla ya matokeo: hata gredi ikiwa ya chini, wewe bado ni mwanangu. Amina?