Fundi, Mwenye Gari na Bei ya Haki

Wenye magari wa Shinyanga, Kahama na Geita wana swali ambalo huulizana kila siku: ni wapi afadhali kupeleka gari kwa matengenezo ya kawaida, kwa wakala wa kampuni iliyolitengeneza, au kwa fundi wa mtaani? Wengine wasema kwamba wakala huiba mchana kweupe, kisha hukupa risiti. Wengine wajibu kwamba fundi wa mtaani naye huiba, ila yeye risiti hana. Maneno haya husemwa kwa kucheka. Lakini chini ya kicheko hicho lipo swali la amri ya saba, nalo si la mzaha: bei gani ni ya haki kwa kazi ambayo mlipaji hawezi kuiona wala kuipima?

Maana ugumu upo hapo. Anunuaye mpunga hutia mkono ndani ya gunia. Anunuaye ng'ombe mnadani humzunguka, humfunua mdomo, humtazama meno. Lakini mtu aliyebadilishiwa oili ya injini hurudi nyumbani na gari lile lile, lenye sauti ile ile, wala hajui kama chujio lililomo ni jipya au ni lile la zamani lililopanguswa kwa kitambaa. Atajua baada ya miezi mingi, injini ikianza kugonga, na siku hiyo hatakuwa na wa kumshtaki.

Tutazame kwanza hali ilivyo huku kwetu. Mtu wa Shinyanga atakaye karakana ya wakala hana budi kutazama Mwanza, mwendo wa zaidi ya kilomita 150, au Dar es Salaam. Mtu wa Geita alikuwa akingoja kivuko kati ya Busisi na Kigongo, mpaka daraja lilipofunguliwa mwezi wa Juni 2025. Sasa avuka kwa dakika chache. Walakini mafuta ya kwenda na kurudi, pamoja na siku nzima ya kazi iliyopotea, yote ni juu yake. Kwa hiyo walio wengi huenda chini ya mti, kwenye ile inayoitwa gereji bubu. Hapo utakuta jeki mbili, jiwe la kuzuia gurudumu, kopo la oili chafu, vijana watatu wenye ovaroli nyeusi, na fundi mmoja ambaye, tukisema kweli, mara nyingi huutambua ugonjwa wa injini kwa sikio lake upesi kuliko kompyuta.

Tena magari yetu mengi yamefika kutoka Japani yakiwa yamekwisha kutumika. Dhamana ya kiwanda ilikwisha zamani. Katika nchi nyingine dhamana hiyo ndiyo kamba ambayo wakala humfungia mteja: ukienda kwa mwingine, dhamana yako imekufa. Marekani ilitunga sheria mwaka 1975 ya kuilegeza kamba hiyo, na Afrika Kusini miongozo ya Tume yao ya Ushindani ilianza kutumika tarehe 1 Julai 2021, ili mwenye gari aweze kuchagua karakana aitakayo bila kupoteza dhamana. Kwetu sisi mtu hana dhamana ya kupoteza. Ana fedha zake, na uhai wake.

Basi, alipaye kwa wakala hulipia nini? Hulipia jengo, umeme na kodi. Mishahara ya mafundi waliosomeshwa. Kompyuta ya kusomea kasoro. Spea ambazo asili yake yajulikana. Na juu ya hayo hulipia mahali pa kurudi na kulalamika, jambo ambalo si dogo. Hivi vyote ni vitu halisi, na mwenye kuvitoa ana haki ya kulipwa. Amwitaye mwizi kwa sababu tu bei yake ni kubwa kuliko ya chini ya mti amsingizia.

Walakini haki hiyo ina mpaka. Mtakatifu Thomas wa Akwino, aliyefariki mwaka 1274, alipoandika juu ya kuuza na kununua alitofautisha mambo mawili ambayo twapenda kuyachanganya. Muuzaji aweza kuongeza bei akiwa yeye mwenyewe apata hasara kwa kukitoa kile kitu. Lakini hawezi kuongeza bei kwa sababu tu mnunuzi ana shida nacho sana; maana shida ile ni ya mnunuzi, na mtu hawezi kuuza kisicho chake. Wakala amwambiaye mama mmoja kwamba breki zake zaweza kukatika wakati wowote, ilhali zimebaki nusu, anauza hofu ya yule mama. Vivyo hivyo fundi wa Katoro amwonaye mchimbaji aliyepata mawe jana, akamtazama viatu vyenye vumbi na mfuko uliotuna, akamtajia bei mara mbili. Mmoja ana risiti ya mashine na mwingine ana kibanda cha mabati, lakini dhambi yao ni moja.

Sasa tumgeukie fundi wa mtaani, kwa kuwa juu yake ndipo tusemapo maneno mengi na kufikiri machache.

Chukua mfano. Tuseme ufundi wa kubadilisha oili ni shilingi 10,000. Mwenye gari ashusha: 8,000, 6,000, mpaka wanaachana kwa 5,000, naye aondoka akijisifu. Katika fedha hizo fundi ampe saidia fundi wake chakula cha mchana, atoe kodi ya kiwanja, anunue sabuni, apeleke kitu nyumbani. Siku njema apata magari manne. Siku nyingine hapati hata moja. Hayo bado si mabaya zaidi. Mabaya zaidi ni haya: siku nyingine mtu amletea gari na kusema, "Fundi, nasikia mlio, hebu nitazamie." Fundi alala chini ya gari nusu saa nzima, atikisa kila kiungo, apanda, ashuka, na mwisho aona kwamba gari ni zima, ni kijiwe tu kilikwama kwenye kinga ya breki. Akitoe. Atalipwa nini? Ataambiwa, "Ahsante sana fundi, Mungu akubariki." Na gari limekwenda.

Ukweli wake haukumpa hata nauli ya kurudi nyumbani. Lakini kama angalisema kwamba bushi imechoka, angalipata ufundi wake, na labda kitu kidogo kutoka kwa mwenye duka la spea. Kila siku twamfundisha fundi huyu, kwa fedha zetu wenyewe, kwamba uongo una mshahara na ukweli hauna. Kisha twashangaa akihitimu.

Hatusemi kwamba uongo wake ni halali. Fukara aibaye aiba. Atiaye chujio la zamani na kudai bei ya jipya hana budi kurudisha, na kuungama peke yake hakutoshi. Lakini atafutaye asili ya ugonjwa asiishie kwenye kidonda. Tazameni migodi yetu mikubwa, ule wa Geita ulioanza mwaka 2000, na Bulyanhulu ulioanza mwaka 2001. Magari na mitambo ya mgodini hukaguliwa kwa ratiba ya saa na kilomita, liwe lalia au halilii. Fundi wa huko hupokea mshahara wake mwisho wa mwezi, akute kasoro au asikute. Hana sababu ya kuiumba, wala hana sababu ya kuificha. Mgodi wa Buzwagi pale Kahama ulikoma kuzalisha dhahabu mwaka 2021, na shughuli za namna hiyo zikifungwa watu wenye ufundi hurudi mitaani. Fundi atokaye mgodini akafungua kibanda chake mjini hakuiacha elimu yake langoni. Mikono ni ile ile na spana ni zile zile. Alichokiacha ni ule mshahara uliomwezesha kusema kweli bila kulala njaa.

Kwa hiyo sisi twaona kwamba tofauti kubwa kati ya karakana ya wakala na gereji ya mtaani haiko katika ujuzi, wala kila mara haiko katika uaminifu wa mtu. Iko katika jambo tulilolikubali kulilipia. Bei ya haki kwa fundi ni ile impayo riziki hata siku akikuambia kwamba gari lako halina neno. Bei iliyo chini ya hapo, hata kama yeye mwenyewe ameikubali, haijawa ya haki kwa kukubaliwa tu. Papa Leo XIII aliwaambia matajiri wa Ulaya jambo hilo mwaka 1891 katika habari za mishahara: mkataba wa hiari hautoshi ikiwa mmoja wa wenye mkataba amesukumwa na njaa. Wengi wetu tumezoea kulisoma neno hilo kama kwamba laelekea wenye viwanda tu. Mwalimu wa shule mwenye gari dogo, aliyesimama juu ya mtu alalaye chini ya gari, naye ni tajiri kwa saa ile.

Yafaa basi kupatana bei ya kukagua kabla ya kukagua, iwe kasoro imeonekana au haikuonekana, na kuilipa bila manung'uniko. Hili ni geni huku kwetu, na mafundi wengine watacheka ukiwaambia; lakini fundi aliyelipwa kwa kutazama hana haja ya kuvunja. Yafaa pia kununua oili mwenyewe katika duka linalojulikana na kuwapo kizibo kinapofunguliwa, maana oili chafu iliyochujwa na kurudishwa katika chupa yenye jina kubwa si hadithi. Tuna Sheria ya Alama za Bidhaa tangu mwaka 1963, na Tume ya Ushindani hukamata bidhaa bandia. Lakini haiwezi kusimama chini ya kila mti. Dai spea yako ya zamani urudi nayo. Andika katika daftari kilomita na tarehe. Na fundi ambaye hakusoma darasani, akitaka ujuzi wake utambuliwe kwa cheti, VETA wana utaratibu wa kuwapima waliojifunza kazini. Mteja mwema aweza kumtia moyo kwenda, na hata kumchangia ada.

Hata hapo hatujamtaja mtu aliye katika hatari kubwa kuliko wote, naye si fundi wala si mwenye gari. Ni abiria. Nenda stendi ya Kahama au Katoro asubuhi, utaona michomoko imejaa watu mpaka milango yafungwa kwa bega: mama na mtoto mgongoni, mwanafunzi, mzee aendaye hospitali. Hawa hawakuwapo wakati wa kupatana bei ya breki. Wawili walipatana, na kumi watabeba matokeo.

Hapa maneno yetu yawe makali zaidi. Mwenye gari atiaye dereva hesabu kubwa ya kila siku, hata gari lipitishe kilomita 9,000 bila kubadilishwa oili na breki zichuje chuma kwa chuma, asijitetee kwamba yeye hakuwa usukani. Akinunua pedi za breki za bei ya chini kuliko zote na kumwambia fundi, "Wewe funga tu, gari ni langu," amesema kweli nusu. Gari ni lake. Waliomo si wake. Kuweka kiti kilichochanika ni kasoro ionekanayo: abiria aiona, akitaka apande, asipotaka aache. Mtakatifu Thomas alitoa mfano wa farasi mwenye jicho moja, ambaye muuzaji halazimiki kumtangazia mtu, kwa kuwa kila mtu aona. Lakini kasoro iliyofichika iletayo hatari haina budi kutajwa. Breki mbovu si farasi wa jicho moja.

Na fundi je? Wengi wao hujibu kwamba wao ni watumishi tu, wafunga walicholetewa. Hilo halitoshi. Katika kiti au rangi atii. Katika breki na usukani akatae, maana mkono ufungao ndio ukamilishao tendo. Twajua jibu lake: nikikataa mimi, atakwenda mti wa pili, na mimi nimekosa 5,000. Kweli, pengine atakwenda. Hata hivyo fundi akikataa, bado ana wajibu mmoja, nao ni kumwambia dereva, kwa maneno yasiyo na fumbo, hali ya gari alilopewa. Dereva akiisha kuambiwa, halali kwake kuliendesha gari lile mpaka karakana, polepole na bila mtu. Kupakia abiria si halali. Na hesabu ya siku hiyo, ambayo haikupatikana kwa kuwa gari lilisimama, ni hasara ya mwenye gari, wala si deni la dereva.