Kuulizwa na Kuarifiwa

Wapo wanaodhani kwamba mjadala wa Bunge juu ya sheria ya mazingira ni shughuli ya wanasheria na wahandisi, wala haumhusu mwalimu wa lugha. Mimi nami nilidhani hivyo kwa muda mrefu. Katika makala haya nataka kueleza kwa nini nimebadili mawazo, na kumwomba msomaji apime pamoja nami swali la maadili lililojificha nyuma ya mijadala hiyo: je, ni haki kumwamulia mtu jambo litakalogeuza ardhi yake na maji yake pasipo kumwuliza kwa lugha anayoifahamu?

Kwanza tutazame asili ya jambo lenyewe. Tathmini ya athari kwa mazingira ni uchunguzi unaofanywa kabla ya kujenga bwawa, kiwanda au barabara, ili ijulikane ni madhara gani yatakayofuata, yatampata nani, na yawezaje kuepukwa. Marekani ndiyo iliyotangulia kuuweka uchunguzi huo katika sheria ya nchi, iliyotiwa sahihi tarehe 1 Januari 1970. Huku kwetu, Uganda ilitunga sheria yake mwaka 1995, Kenya mwaka 1999, na Tanzania mwaka 2004. Tangu hapo sheria hizo zimekuwa zikirudi mbele ya wabunge. Kenya iliirekebisha yake mwaka 2015 na tena mwaka 2017. Uganda iliifuta ile ya kwanza na kutunga mpya mwaka 2019.

Ukiyasikiliza mabishano ya aina hii, utaona kwamba yana pande mbili, na kila upande una methali yake. Upande mmoja husema, "Ngoja ngoja huumiza matumbo." Upande wa pili hujibu, "Haraka haraka haina baraka." Nasi walimu twajua vizuri kwamba methali zikipingana haziamui kesi, hutuonyesha tu kwamba kesi ipo.

Tusiudharau upande wa kwanza. Mama anayejifungua usiku kwa mwanga wa kibatari hana kosa akiuliza kwa nini umeme umechelewa. Kijana asiye na kazi ana haki ya kuuliza kwa nini kiwanda kimekwama kwenye mafaili. Aidha, ni kweli kwamba taarifa nyingine za tathmini ni ndefu kupita kiasi, zimeandikwa kwa ajili ya rafu za ofisi, na faida yake kubwa humwendea aliyelipwa kuziandika. Mbunge asemaye kwamba mambo hayo yarekebishwe si adui wa miti. Huenda ana huruma kuliko sisi tulioshiba.

Hata hivyo, napenda kusimulia jambo lililonipata mwenyewe. Miaka kadhaa iliyopita, katika wilaya moja ya mashariki ya Uganda, niliombwa niwe mkalimani katika mkutano wa kijiji. Kampuni moja ilitaka kufungua chimbo la mawe kwenye kilima, na chini ya kilima hicho palikuwa na chemchemi iliyowanywesha watu na shule yetu. Taarifa ya tathmini ilikuwa ya Kiingereza, kitabu kizima. Niliikabidhiwa asubuhi ile ile. Jua lilikuwa kali, wageni walikuwa na safari, nami nikafupisha. Sura nzima iliyohusu maji niliieleza kwa sentensi tatu. Mzee mmoja akasimama akauliza, "Mwalimu, chemchemi itabaki?" Nikamgeukia mtaalamu, naye akanijibu kwa maneno mengi ya kitaalamu. Nikamwambia mzee, "Wanasema wataangalia." Kisha karatasi ya mahudhurio ikapitishwa, watu wakatia sahihi na alama za vidole.

Baadaye nilikuja kufahamu kwamba karatasi ile iliambatishwa kuwa ushahidi kwamba wanakijiji wameshauriwa na wamekubali. Chimbo likafunguliwa. Haikupita miaka miwili, chemchemi ikawa matope, na wanafunzi wangu wakawa wanatembea mwendo mrefu kutafuta maji kabla ya somo la kwanza. Mzee yule hakunilaumu hata siku moja. Alinisalimu kama kawaida, na salamu yake ilinielemea zaidi kuliko matusi.

Nimelitafakari sana jambo hilo, na nimeona kwamba lugha yetu yenyewe ina mizani ya kulipimia. Tutazame vitenzi hivi: kuarifiwa, kushirikishwa, kuulizwa, kushauriana. Anayearifiwa hupokea tu. Anayeshirikishwa, kama umbo la kitenzi linavyoonyesha, anatendwa: yupo mwingine anayemshirikisha, naye ndiye anayechagua siku, mahali na kiasi. Anayeulizwa ana nafasi ya kujibu, na jibu laweza kuwa "la." Lakini katika kushauriana kuna kile kiambishi -ana kinachotuambia kwamba tendo linakwenda na kurudi, hakuna ashauriaye peke yake. Wanakijiji wetu waliarifiwa, tena nusu nusu. Karatasi ikaandika kwamba walishauriwa. Kutoka kitenzi kimoja mpaka kingine palipotea chemchemi.

Wala jambo hili halikutupata sisi peke yetu. Kule Lamu, mojawapo ya vitovu vya kale vya Uswahili, palipangwa kujengwa kituo cha umeme wa makaa ya mawe cha megawati 1,050. Leseni ilitolewa mwaka 2016. Wenyeji wakakata rufaa, na tarehe 26 Juni 2019 Baraza la Taifa la Rufaa za Mazingira nchini Kenya likaifuta leseni hiyo. Sababu mojawapo kubwa ilikuwa kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo: mikutano ya awali ya kuutambulisha mradi haikuweza kuhesabiwa kuwa ni kuwasikiliza watu juu ya matokeo ya uchunguzi wenyewe. Kwa maneno mengine, Baraza lilitofautisha kuarifiwa na kuulizwa.

Sasa turudi kwa wabunge. Sheria ya Kenya ya mwaka 1999 ilisema kwamba rufaa ikifunguliwa mbele ya Baraza hilo, hali ibaki kama ilivyo mpaka rufaa iamuliwe. Mwaka 2017 Bunge likakigeuza kifungu hicho, kazi isisimame kwa sababu tu rufaa imefunguliwa. Waliotaka mabadiliko walikuwa na hoja: mtu mmoja mwenye chuki aweza kuusimamisha mradi wa maelfu kwa kuandika karatasi moja. Lakini nawauliza wasomaji: mti ukiwa umekwisha kukatwa, hukumu ya kusema usikatwe ina thamani gani? Maji yakimwagika hayazoleki. Fedha iliyocheleweshwa yaweza kufidiwa. Chemchemi iliyozibwa haifidiwi.

Kwa hiyo naona kuna ucheleweshaji wa namna mbili, na mara nyingi mabishano yanavurugika kwa kuzichanganya. Upo ucheleweshaji wa faili kulala mezani, sahihi kutafutwa kwa miezi, na ofisi tano kuuliza swali lile lile. Huo haumlindi mtu yeyote, na mbunge anayeupunguza anastahili shukrani. Upo pia ucheleweshaji wa kusikiliza: siku zinazohitajika ili taarifa ifasiriwe, mzee aulize, ajibiwe, arudi nyumbani akafikiri, na arudi tena. Huo si uzembe. Ndiyo haki yenyewe ikifanya kazi yake. Marekebisho yanayokata ucheleweshaji wa kwanza ni mema. Yanayokata wa pili ni dhuluma, hata yakiletwa kwa jina la maendeleo.

Sheria ya Uganda ya mwaka 2019 imekwenda mbali zaidi: imetamka kwamba maumbile yenyewe yana haki ya kuwepo na kuendelea, na kwamba mtu aweza kwenda mahakamani haki hizo zikivunjwa. Ni neno zuri. Lakini kinamasi hakina ulimi. Haki yake itasemwa na binadamu anayeishi kando yake, na binadamu huyo hatasema kitu ikiwa hakuelewa alichosomewa.

Hapo ndipo mwalimu wa lugha anapoingia. Tangu mwaka 2005 Katiba ya Uganda imekitaja Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili. Nasi tumekuwa tukidai vitabu, vipindi na mishahara. Ni madai ya haki. Tuongeze dai moja: kwamba muhtasari wa kila tathmini uandikwe kwa lugha inayosomeka na wale watakaokaa na matokeo yake, iwe Kiswahili au lugha ya mahali pale, nao wapewe kabla ya siku ya mkutano. Na sisi tukiitwa kufasiri, tuwe na ujasiri wa kusema, "Kazi hii haitoshi asubuhi moja."

Mimi sikusema hivyo. Mzee aliuliza swali la maneno mawili, nami nilikuwa mtu pekee pale aliyeweza kulifikisha na kudai jibu. Nilikuwa na haraka.