Nyama isiyohesabika

Kila Jumatatu jioni nikipika wali huwa nazidisha vikombe viwili vya mchele. Wali huo wa ziada hauliwi usiku ule. Ukiiva nautandaza kwenye sinia pana, nauchambua kwa uma mvuke utoke, na kabla muda wa saa 1 haujapita umeshafunikwa na kuingia kwenye friji. Jumanne nitashuka kwenye daladala saa moja na nusu usiku, nimesimama njia nzima, na nyumbani watoto watakuwa wameshauliza mara tatu tunakula nini. Wali ule ni nusu ya jibu. Nusu ya pili naipitia buchani: steki, nusu kilo.

Nusu kilo kwa watu sita. Kijana wa buchani ananijua, na kila wiki hunisihi: "Ongeza hata robo basi, mama." Siongezi. Ningekuwa napika mchuzi angekuwa na haki ya kunisihi, maana nusu kilo ikikatwa finyango za kawaida hazizidi kumi na mbili, na finyango kumi na mbili mezani kwa watu sita ni hesabu ambayo hata mtoto wa darasa la pili anaimaliza kabla hajanawa mikono. Mimi nimekulia ndani ya hesabu hiyo, na sitaki kuirudia.

Nyumbani kwetu Tanga nyama ilikuwa na utaratibu wake. Mama alipopakua, mwiko ulijua njia. Baba, finyango nne, za mnofu. Mgeni akiwepo, tatu. Kaka mkubwa, mbili. Sisi wadogo, moja moja, na mfupa wa kunyonya kwa aliyekuwa na bahati. Akichinjwa kuku, firigisi ilikuwa ya baba na hakuna aliyeuliza kwa nini. Mama alijipakulia baada ya wote. Na baada ya mama alikuwepo dada, binti aliyeletwa kutoka Singida kuja kutulea, ambaye hakuwa kwenye hesabu kabisa. Alipewa mchuzi. Siku nyingi hakuonja hata huo mchuzi wa siku ile, kwa sababu chakula chake kilikuwa kiporo.

Nakipenda kiporo, na nalipenda neno lenyewe. Watu wa mpira wamelichukua, mechi iliyoahirishwa wanaiita kiporo, na kila anayesikia anaelewa. Wali wa nazi wa jana ukipashwa asubuhi ukashikana kidogo chini, na chai ya rangi pembeni, ni chakula cha kugombaniwa. Lakini kipo kiporo unachokichagua na kipo kiporo unachopangiwa. Dada yetu alipangiwa. Sisi tukila wali wa moto, yeye alikaa jikoni na sufuria ya jana. Alikwangua ukoko wa wali mpya, akautia kwenye kisahani, akatuletea sisi watoto, maana alijua tunaupenda. Miaka yote aliyokaa kwetu sikumwona akiutia mdomoni.

Kuna siku moja siisahau. Alikula wali uliokuwa umelala kwenye sufuria juu ya meza, kwenye joto la Tanga la mwezi wa pili, usiku kucha. Kabla ya adhuhuri alikuwa anatapika mfululizo, amejikunja kwenye mkeka nyuma ya nyumba. Watu wazima wakasema ni malaria, akapewa vidonge, na jioni akaamka akaosha vyombo. Hakuna aliyeitazama ile sufuria.

Nikiwa mtu mzima ndipo nilipojifunza yanayotokea kwenye wali uliolala. Kuna bakteria wanaoitwa Bacillus cereus. Vijimbegu vyao huwemo kwenye mchele tangu shambani, na kuchemsha hakuviui. Wali ukiachwa saa nyingi kwenye uvuguvugu, vinaamka, bakteria wanaongezeka na kutoa sumu inayomtapisha mtu ndani ya saa 1 hadi 6 baada ya kula. Sumu hiyo haiondoki kwa kupasha moto. Unaweza kuukaanga wali huo hadi ubadilike rangi, sumu ikabaki palepale. Ndiyo maana nina haraka na sinia langu Jumatatu, na ndiyo maana wali wangu haukai kwenye friji zaidi ya siku moja. Kila nikiufunika namkumbuka binti yule kwenye mkeka, na namwomba radhi, hata kama hanisikii.

Mwaka 2011 Shirika la Kazi Duniani lilipitisha Mkataba namba 189 kuhusu kazi za staha kwa wafanyakazi wa nyumbani. Unazungumzia saa za kazi, mapumziko ya wiki, ujira, na mazingira ya kuishi kwa anayelala nyumbani kwa mwajiri. Nilipousoma nilifurahi kwamba dunia ilikaa kitako ikawazungumzia watu hawa kwa jina la wafanyakazi. Ila hakuna mkataba unaoweza kusimama jikoni saa mbili usiku kutazama mwiko unapoelekea. Hilo limebaki mikononi mwa anayepakua, na kwangu anayepakua ni mimi.

Sasa nirudi kwenye ile nusu kilo. Nikifika naiweka kwenye friza kama nusu saa, wakati nabadilisha nguo na kukagua madaftari. Ikikaza kidogo inakubali kisu. Naikata kwa kukatisha nyuzi, vipande vyembamba kiasi cha kuona kivuli cha kisu upande wa pili, kisha navikata tena virefu virefu kama njiti. Ukifuata nyuzi badala ya kuzikatisha, utatafuna mpaka taya zichoke. Nachanganya na tangawizi, kitunguu saumu, sosi ya soya, na kijiko kimoja cha papai bichi lililokunwa. Watu wa pwani tunalijua papai hilo tangu kwa bibi zetu. Ndani yake mna kimeng'enya kinachovunja protini, ndiyo maana nyama ngumu inanyoosha mikono. Lisikae muda mrefu kwenye nyama iliyokatwa nyembamba hivi, itageuka uji. Muda wa kukata karoti, hoho na vitunguu unatosha.

Chombo ni karai. Wachina, ambao mapishi haya ya wali wa kukaanga ni yao, wana karai lao lenye tumbo kama letu, na wao pia wanataka wali wa jana. Sababu ni ya kitaalamu na inapendeza: wali ukipoa, wanga wake hujipanga upya na kukaza, punje zikaachana. Wali wa moto ukiukaanga unakuwa bonge. Na usiwe wa nazi. Ule una utamu wake na mahali pake. Nikipata mchele wa Kyela naukaanga huohuo, nikipunguza maji kidogo wakati wa kuupika, na harufu yake inanisalimia tena Jumanne kana kwamba hatukuonana jana.

Moto uwe mkali kuliko ulivyozoea. Kwanza mayai, nayavuruga, nayatoa yakiwa bado laini. Kisha nyama, kwa mafungu mawili, kwa sababu ukiimwaga yote inatoa maji na kujichemsha yenyewe. Ikishika rangi inatoka. Vitunguu, karoti, hoho, njegere. Halafu wali, nimeuvunjavunja kwa vidole. Hapa sina haraka. Nauacha uguse chuma, nageuza, nauacha tena. Sosi ya soya naimwagia pembeni mwa karai, iungue kidogo kabla ya kukutana na wali. Nyama na mayai vinarudi, majani ya vitunguu juu, naonja chumvi, nazima.

Nikitazama ndani ya karai wakati huo naona kitu ambacho mama yangu, kwa upendo wake wote, hakuwahi kuweza kukipika: nyama isiyohesabika. Iko kila mahali. Popote mwiko utakapochota, itatoka. Hakuna fungu la baba, hakuna la kaka, hakuna la mwisho. Simlaumu mama. Alikuwa na finyango chache na heshima nyingi za kulinda, na alizilinda kwa kujinyima mwenyewe. Lakini mtoto hujifunza thamani yake kwenye sahani kabla hajajifunza kusoma, na nilijifunza pale kwamba kuna watu wa mnofu na kuna watu wa mchuzi. Imenichukua miaka kulitoa hilo moyoni.

Dada anayeishi nasi sasa ana miaka ishirini na mbili. Wiki zake za kwanza nilimwita mezani akaja, lakini alikaa ukingoni mwa kiti kama mtu anayesubiri basi. Siku za mchuzi alijipakulia wali, akajimiminia rojo, na finyango akaziruka moja baada ya moja kwa ncha ya kijiko. Nikimwambia, "Chukua nyama, binti yangu," alijibu, "Nimeshiba, mama," na hakuwa ameanza kula. Nilijua alikojifunza, maana niliishi kwenye nyumba iliyofundisha somo hilo. Maneno yangu hayakuwa na nguvu mbele yake. Wali wa Jumanne ulikuwa nayo. Alijaribu kuiruka nyama akashindwa. Kila kijiko kilikuwa nayo. Wiki ya tatu aliegemeza mgongo kwenye kiti.

Jumanne iliyopita karai lilishika chini. Nilikuwa nimeliacha kidogo zaidi kwenye moto nikizungumza na simu, na kukatokea ukoko wa rangi ya asali, una vipande vya nyama vimenata ndani yake. Mwanangu wa mwisho aliuona kabla sijafika mezani, akaanza kelele zake kwamba ni wake, dada yake mkubwa akasema wiki iliyopita alipewa yeye. Nikachukua kijiko cha chuma nianze kukwangua na kugawa.

"Mama," akasema yule binti, na sauti yake ilikuwa ndogo, ila mkono aliounyoosha na sahani haukutetemeka. "Ukoko wa leo ni wangu."

Watoto wakapiga ukelele. Nikaukwangua wote, mpaka chuma kikalia, nikamtilia.