Kufunga Mkanda: Nani Aanze?



Kila mara serikali yo yote inapotangaza kwamba fedha hazitoshi, na kwamba huduma fulani itapunguzwa, maneno husikika kila mahali: sokoni, ndani ya basi, hata nje ya kanisa baada ya ibada. Mmoja asema, "Wametusahau." Mwingine asema, "Tutafanyaje? Tuvumilie tu." Leo twataka tujiulize pamoja: Mkristo aambiwapo afunge mkanda, yampasa kujibu nini? Je, kulalamika ni dhambi? Je, kunyamaza ndiyo utii?

Tuanze na jirani zetu wa Zambia. Desemba 1986 serikali ya nchi ile, ikiwa imebanwa na madeni baada ya bei ya shaba kuanguka, iliondoa ruzuku ya unga mweupe wa mahindi. Bei ikapanda zaidi ya mara mbili. Nia haikuwa kumwumiza maskini. Unga wa hali ya chini, ambao ndio hununuliwa na mwenye kipato kidogo, ulikusudiwa ubaki na bei nafuu, na serikali iwalipe wenye vinu tofauti ya bei. Lakini wenye vinu hawakuwa na imani kwamba watalipwa, nao wakaacha kuusaga. Maskini akafika dukani, akakuta unga wake haupo, na uliopo hawezi kuununua. Katika miji ya Ukanda wa Shaba watu wakavunja maduka na maghala, na watu wapatao 15 wakapoteza maisha. Mwezi ule ule Rais Kaunda akairudisha ruzuku.

Hapa kwetu Tanzania mambo yalikwenda kwa njia nyingine. Ruzuku ya sembe iliondolewa katika bajeti ya 1984, na mwaka 1986, wakati wa Rais Mwinyi, serikali ikapatana na Shirika la Fedha la Kimataifa, na thamani ya shilingi ikashushwa sana. Maduka hayakuchomwa moto. Watu walijibu kwa mikono yao: mwalimu akafuga kuku, karani akalima bustani, mama akakaanga maandazi ya kuuza. Wengi wameusifu uvumilivu huo, nasi twausifu. Lakini tuseme kweli: ukimya ule nao ulikuwa na gharama yake. Mwalimu aliyeko sokoni hayuko darasani. Mtumishi ambaye mshahara wake haufiki katikati ya mwezi hujaribiwa kuomba "chai" kabla ya kumhudumia mgonjwa. Kule Zambia kilichovunjika kilionekana siku moja. Kwetu kilivunjika polepole, na hakikuonekana.

Basi moto si jibu, maana humwunguza kwanza mwenye duka dogo na mtoto aliyekuwa akipita njiani. Na ukimya peke yake si jibu, maana huacha kosa liendelee.

Wako watakaotuambia, "Fedha zisipokuwapo, hazipo." Ni kweli, nasi hatuna budi kuwa waadilifu katika jambo hili. Deni ni deni. Ruzuku nayo hutoka mfukoni mwa mtu. Ile ya sembe iliwafaa zaidi watu wa mjini, hata wale wenye uwezo. Mkulima aliyekula mahindi ya shamba lake hakuipata. Tena sisi tunaolalamika kwamba zahanati haina dawa, mara ngapi tumenunua kitu bila kudai risiti ili tupunguziwe bei? Kupunguza matumizi si dhambi kwa yenyewe. Mwalimu Nyerere aliipa hotuba yake ya mwaka 1969 jina la Kupanga ni Kuchagua, na jina hilo latosha kutukumbusha kwamba anayepunguza huku amechagua kuacha kule. Hapo ndipo swali la haki linapoingia.

Biblia yatupa watawala wawili wa kuwatazama. Wa kwanza ni Rehoboamu, katika Wafalme wa Kwanza mlango wa 12. Watu walimwendea kwa adabu, wakamwomba awapunguzie mzigo waliotwikwa na baba yake. Ombi lao halikuwa uasi. Wazee wakamshauri awasikilize. Yeye akawafuata vijana wenzake, akajibu kwa ukali, na ufalme ukagawanyika. Wa pili ni Nehemia, katika mlango wa 5 wa kitabu chake. Watu walilia kwamba wameweka rehani mashamba yao ili wapate chakula. Nehemia alikasirika, akawakabili wakuu mbele ya mkutano. Na yeye mwenyewe kwa miaka 12 hakula posho ya uliwali iliyokuwa haki yake.

Hata katika nchi yetu twaujua mfano. Oktoba 1966 wanafunzi wa Chuo Kikuu, Dar es Salaam, waliandamana kupinga masharti ya kujiunga na Jeshi la Kujenga Taifa. Karibu 400 walifukuzwa, na wako wanaoona hata leo kwamba adhabu ilikuwa kali mno. Lakini siku ile Mwalimu alitangaza kupunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Alitambua kwamba anayewaambia wengine wajinyime hawezi kubaki kama alivyokuwa.

Kwa hiyo twaona maswali matatu ambayo mwananchi ana haki ya kuyauliza, wala kuyauliza si uasi. Je, tumeambiwa ukweli wote? Je, atakayeumia ameulizwa kabla? Je, aliyeamuru ameanza na nafsi yake? Wenye vinu na wanunuzi wa Zambia wangeulizwa mapema, pengine mengi yasingetokea. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, mpaka amwulize.

Lakini tusiishie kuinyoshea serikali kidole. Mwaka mmoja sadaka zilipungua katika mtaa wetu, na Halmashauri ikaketi kupunguza matumizi. Cha kwanza tulichokata kilikuwa posho ya mwinjilisti wa kanisa dogo la mbali. Viti vipya havikuguswa, wala chakula cha wageni wa sikukuu. Hakuna aliyemwuliza mwinjilisti. Naye hakusema neno, alikuja kwa miguu kama kawaida, nasi tukasema, "Ana moyo wa uvumilivu." Ikapita miezi mitatu kabla mmoja wetu hajafika nyumbani kwake, akakuta watoto hawaendi shule kwa kukosa madaftari. Tuliona haya. Posho ikarudishwa, na viti vikangoja.

Tulimkata yeye kwa sababu alikuwa mbali na hakuwa na sauti. Je, si hivyo hivyo tunavyowalaumu wakubwa?

Basi yatupasa kusema kwa adabu na bila woga pale mzigo unapowekwa juu ya asiyeweza kuubeba. Yatupasa kulipa tulichopaswa kulipa. Na katika nyumba zetu na vikao vyetu, siku ya kupunguza ikifika, tuanze na kiti tunachokikalia sisi wenyewe.

Bwana atusaidie. Amina.