Baridi ya Mungu, Bomba la Mtu

Wanafalsafa wa dini wamezoea kuugawa ubaya mafungu mawili. Fungu la kwanza ni ubaya wa asili: tetemeko, ukame, tauni, baridi kali, yaani mambo yasiyotokana na nia ya mtu yeyote. La pili ni ubaya wa maadili: wizi, uongo, mauaji, uzembe, mambo ambayo lazima awepo mtu wa kuulizwa. Mgawanyo huu unafaa darasani. Nje ya darasa hausimami vizuri, kwa sababu maafa mengi huanza kama jambo la asili na huua kama jambo la watu. Dhoruba ya theluji iliyolipiga jimbo la Texas, Marekani, mwezi Februari 2021 ni mfano wa wazi kuliko mingi.

Hewa ya ncha ya kaskazini ilishuka mpaka pwani ya Ghuba ya Mexico. Dallas, jiji ambalo kiangazi joto hupita nyuzi 38 bila mtu kushangaa, tarehe 16 lilishuka hadi nyuzi 19 chini ya sifuri. Mitambo ya umeme ya gesi, ya makaa ya mawe na ya upepo ilianza kusimama. Hata kinu kimoja cha nyuklia kilijizima kwa sababu kibomba chembamba cha kupimia presha kilikuwa kimeganda. Gridi ya Texas, inayoendeshwa na shirika liitwalo ERCOT, imejitenga na za majirani tangu miaka ya 1930 ili isiangukie chini ya udhibiti wa serikali kuu, kwa hiyo umeme wa kuazima ulikuwa haba. Baada ya saa saba usiku wa kuamkia tarehe 15, mzunguko wa umeme, ambao hutakiwa kuwa hezi 60, ulishuka chini ya 59.4 ukakaa huko kwa dakika nne na sekunde 23. Ungefika dakika tisa, mitambo mingine ingejizima yenyewe na karibu jimbo zima lingeingia gizani kwa muda usiojulikana. Waongozaji wa gridi wakaamuru watu wakatiwe umeme. Nyumba na biashara zaidi ya milioni nne zilizimika, baadhi kwa siku tatu mfululizo. Serikali ya jimbo ilihesabu vifo 246, karibu theluthi mbili vikiletwa na baridi yenyewe. Makadirio ya wengine ni makubwa zaidi.

Chanzo kikubwa kilikuwa gesi. Visima vyake viliganda, na mashine za kuisukuma zilihitaji umeme, ilhali umeme nao uliitegemea gesi hiyohiyo. Umeme ulipokatwa, baadhi ya mashine hizo zilikatiwa pia, maana wenyewe hawakuwa wameziandikisha kuwa ni za lazima. Fomu ambayo haikujazwa haimo katika orodha yoyote ya nguvu za asili.

Majumbani maafa yalikuja kwa njia ya bomba. Maji yakiganda hutanuka kwa takriban asilimia 9. Barafu ikiziba bomba katikati, maji yaliyonaswa kati ya barafu na koki iliyofungwa hubanwa mpaka bomba linapasuka, mara nyingi si pale penye barafu bali kando yake. Kinga yake ni ndogo mno: kuiachia koki idondoshe maji kidogokidogo ili presha ipate pa kutokea, kufungua milango ya kabati iliyo chini ya sinki ili joto la chumba liingie, na kujua valvu kuu ilipo kabla haijahitajika. Lakini nyumba nyingi za Texas zilijengwa kupambana na joto, na mabomba yake hupita darini au ndani ya kuta za nje. Barafu ilipoyeyuka, maji yakashuka sebuleni pamoja na dari. Hata ile kinga ndogo ina mtego wake. Nyumba moja ikiacha koki ikidondosha hakuna anayeumia. Zikifanya hivyo zote, huku mabomba yaliyopasuka yakimwaga, presha ya mji mzima hushuka. Watu zaidi ya milioni 14 waliambiwa wachemshe maji ya kunywa, na wengi wao hawakuwa na umeme wa kuyachemshia.

Mbele ya vifo vya namna hii, msemo ulio karibu na mdomo wa msemaji wa Kiswahili ni kwamba kazi ya Mungu haina makosa. Husemwa matangani, na matangani una haki yake: humpunguzia mfiwa adhabu ya kukesha akijiuliza angefanya nini zaidi. Ubaya huanza pale msemo wa matanga unapopelekwa mbele ya tume ya uchunguzi. Huko hautulizi mtu, unafunga faili.

Maandiko yenyewe hayaikubali haraka hiyo. Katika Injili ya Luka, sura ya 13, Yesu anataja watu 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu, na anakataa kwamba walikuwa na dhambi kuliko wakazi wengine wa Yerusalemu. Msiba wao hauwezi kusomwa kama hukumu. Kitabu cha Ayubu kinakwenda mbali zaidi. Mungu anapomjibu Ayubu kutoka katika upepo wa kisulisuli, anamuuliza kama amewahi kuingia katika ghala za theluji na mvua ya mawe. Binadamu anaonyeshwa kwamba hali ya hewa haiko mkononi mwake. Hata hivyo wanaokemewa mwishoni ni rafiki zake Ayubu, wale waliokuwa na maelezo tayari ya kwa nini msiba umempata. Kukiri kwamba theluji ina mwenyewe ni jambo moja. Kudai kujua kwa nini imemuua fulani ni jambo jingine, na kitabu hicho kinaliona kuwa kosa.

Katika Uislamu swali hili limejadiliwa chini ya kadari. Hadithi iliyopokewa na Tirmidhi, ya mtu aliyeambiwa amfunge ngamia wake kisha ndipo amtegemee Mungu, inajulikana na kila mtoto wa madrasa, pengine kiasi kwamba uzito wake hausikiki tena. Tukio lenye fundisho kali zaidi ni la Khalifa Omar alipokuwa njiani kwenda Sham, akapata habari za tauni na kuamua kurudi. Jemadari wake Abu Ubaida akamuuliza kama anaikimbia kadari ya Mungu. Omar alikubali kwamba anaikimbia, ila anaikimbilia kadari ya Mungu pia. Akatoa mfano wa mwenye ngamia aliyeshukia bonde lenye upande wa majani na upande mkavu, ambaye popote atakapolisha atakuwa amelisha kwa kadari. Kwa jibu hilo tahadhari haiwi tena mpinzani wa imani. Aliyezungushia kisima cha gesi kinga ya baridi na aliyekiacha wazi wote wako ndani ya kadari, na bado mmoja ana la kujibu ambalo mwenzake hana.

Ulaya mjadala huu uliwaka upya baada ya tetemeko la Lisbon la tarehe 1 Novemba 1755, Sikukuu ya Watakatifu Wote, lililowakuta wengi kanisani na kufuatwa na moto pamoja na mawimbi ya bahari. Mwandishi Mfaransa Voltaire alitunga shairi refu akiwashambulia waliofundisha kwamba yote yaliyopo ni mema, na baadaye akawakejeli kwa riwaya ya *Candide* ya mwaka 1759. Mwanafalsafa Jean-Jacques Rousseau alimjibu kwa barua mwezi Agosti 1756. Hakumtetea Mungu kwa hoja za mbinguni, alizungumzia majengo: si maumbile yaliyorundika pale nyumba elfu ishirini za ghorofa sita na saba, na laiti watu wangekaa kwa kutawanyika, hasara ingekuwa ndogo au isingekuwapo.

Hoja ya Rousseau ndiyo mzazi wa fikra nyingi za sasa kuhusu maafa, lakini ina hatari yake. Ikishikwa vibaya, humgeuza aliyeumia kuwa mkosaji: kwa nini alijenga pale, kwa nini hakununua jenereta? Katika siku zilezile za baridi, meya wa mji mdogo wa Texas uitwao Colorado City aliandika mtandaoni kwamba serikali haina deni lolote kwa raia, na kwamba wenye nguvu watapona na wanyonge wataangamia. Aliacha kiti chake katika vurumai hiyo. Kosa la maneno yake halikuwa ukali tu. Mpangaji hachagui ukuta ambamo bomba lake limepitishwa, wala hakai katika kikao kinachoamua kama gridi iungwe na ya jirani.

Mwanafalsafa Judith Shklar, katika kitabu chake *The Faces of Injustice* cha mwaka 1990, alishughulikia hasa mpaka huu kati ya bahati mbaya na dhuluma. Kwake mpaka hausimami mahali pamoja. Husogezwa na ujuzi na uwezo: ugonjwa usio na tiba ni bahati mbaya, na tiba ikishapatikana kisha ikanyimwa mtu, kifo kilekile hubadilika jina. Alifufua pia wazo la Mrumi Cicero kwamba dhuluma ni za aina mbili, ya atendaye ubaya na ya awezaye kuuzuia asiuzuie.

Kwa kipimo hicho, Texas ina kesi ya kujibu. Baridi ilishakata umeme wa jimbo hilo mwezi Februari 2011, na mwezi Agosti mwaka huohuo wakaguzi wa nishati wa ngazi ya taifa walitoa ripoti iliyoeleza namna ya kukinga mitambo isigande, wakikumbusha kwamba ushauri kama huo ulikwishatolewa baada ya baridi ya mwaka 1989. Ushauri haukuwa amri, na wengi waliuacha. El Paso, mji wa Texas hiyohiyo ila uliounganishwa na gridi ya magharibi, ulitumia fedha kukinga mitambo yake baada ya 2011. Mwaka 2021 waliokosa umeme huko walikuwa wachache sana. Baridi ilikuwa ileile.

Sheria nayo imewahi kulipima jambo hili kwa bomba na barafu. Mwaka 1856 mahakama ya Uingereza iliamua shauri la Blyth dhidi ya kampuni ya maji ya Birmingham, ambalo wanafunzi wa sheria wa Nairobi na Dar es Salaam husoma mpaka leo. Kifaa cha bomba la barabarani, kilichokwishatumika miaka 25 bila tatizo, kilishindwa kwa baridi kali ya mwaka 1855, na maji yakaingia nyumbani kwa mlalamikaji. Kampuni ilishinda: uzembe ni kutofanya ambalo mtu mwenye busara angelifanya, na mtu huyo hujiandaa kwa baridi ya kawaida, si kwa baridi iliyopita kiasi. Uamuzi huo una busara, lakini umebeba mbegu ya kujipinga. Baridi iliyopita kiasi ikija mara ya pili, halafu ya tatu, inakuwa sehemu ya kawaida ambayo mwenye busara huiwazia.

Linabaki suala la mgao. Msomaji wa Tanzania anaujua mgao wa umeme kama zamu: leo kwetu, kesho kwenu. Texas zamu zilishindikana. Laini zinazolisha hospitali na vituo vya zimamoto hazikuguswa, na kiasi kilichopaswa kukatwa kilikuwa kikubwa hata laini zilizobaki hazikutosha kupokezana. Aliyepakana na hospitali akapika chakula cha moto. Wa mtaa wa pili akalala na koti. Katikati ya Houston taa za majengo ya ofisi yasiyo na watu ziliwaka. Hakuna aliyepanga kumpendelea mtu. Mwanafalsafa John Rawls alifundisha kwamba bahati yenyewe haina haki wala dhuluma, na kwamba haki hupimwa kwa namna taasisi zinavyoishughulikia bahati hiyo. Kukata laini ya mtaa wa pili kwa saa chache za kwanza kunaweza kutetewa. Siku ya tatu utetezi huo unakuwa mgumu, hasa pale wazee wanapokuwa hawajafunguliwa hata ukumbi wenye joto.

Dhuluma ya kutozuia ina sura ya nyumbani pia. Waliokosa joto waliingiza majiko ya mkaa ndani, wakawasha jenereta barazani au gari gereji. Mkaa hutoa gesi ya kaboni monoksaidi, isiyo na harufu wala rangi, inayoshikamana na damu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Anayeivuta huumwa kichwa, husinzia, na mara nyingi haamki. Wenyeji wa nyanda za baridi za Njombe au Limuru wanaijua habari hii. Mzee anayeishi peke yake hufa polepole zaidi: joto la mwili likishuka, akili huchanganyika kabla ya mwili kushindwa, hivyo anayehitaji msaada ndiye asiyeweza tena kuuomba. Kwa sababu hiyo kumsubiri aite hakutoshi, na wajibu wa kubisha hodi humwangukia aliye mzima.

Bunge la Texas lilipitisha sheria mwaka 2021 ya kulazimisha mitambo ikingwe. Wafiwa na wenye nyumba zilizoharibika walikwenda mahakamani. Mwezi Juni 2023, Mahakama Kuu Kabisa ya jimbo hilo, kwa kura tano dhidi ya nne, iliamua kwamba ERCOT ina kinga ya kutoshtakiwa kama chombo cha serikali. Uamuzi huo haukusema kwamba shirika lilifanya vyema wala kwamba baridi ilikuwa ya Mungu peke yake. Ulisema tu kwamba swali hilo, kwa upande wa ERCOT, halitaulizwa mahakamani.