Mto Hauna Zamu

Ploti ninayoishi huku Eastlands iko hatua chache tu kutoka Mto Nairobi. Choo chetu kinafanya kazi vizuri. Unavuta maji, kila kitu kinaenda, unarudi kwa simu yako. Ilinichukua karibu mwaka kujua kinaenda wapi: nyuma ya ukuta kuna bomba la plastiki, na bomba hilo linamwaga mtoni moja kwa moja.

Si ati jiji halina mahali pa kupeleka uchafu. Ukifuata Barabara ya Kangundo hadi Ruai, utapata mabwawa ya kusafisha maji taka, mtambo mkubwa zaidi Nairobi. Hakuna maajabu pale. Vyuma vinazuia matambara na plastiki. Katika mabwawa ya kwanza, yenye kina, bakteria wasiohitaji hewa wanakula uchafu. Katika yanayofuata, mwani unatumia jua kutengeneza oksijeni, na bakteria wengine wanaendeleza kazi. Ya mwisho yana kina kifupi. Jua linapenya na kuua viini. Baada ya siku nyingi za kungoja, maji yanaachiliwa mtoni. Kuna watu huenda huko kutazama ndege.

Lakini mtambo husafisha tu kile kinachoufikia. Uchafu wetu unaupita bila kubisha hodi.

Mwezi uliopita mwenye ploti aliitisha mkutano. Alisema anaweza kutuunganisha na laini ya jiji, ila kila nyumba iongezewe kodi ya mia tano kwa mwezi. Kelele zikazuka. "Hiyo ni kazi yake na ya kaunti," jirani akasema, na hakukosea. Kifungu cha 42 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya mazingira safi. Hakisemi mpangaji ndiye atalipia. Mimi nilinyamaza. Mia tano ni unga, na pesa za kuandika huja zikitaka.

Tangu siku hiyo najiuliza: nina deni gani kwa mtu aliye chini ya mto?

Maadili mengi tuliyofunzwa nyumbani yanategemea kurudishiwa. Mwosha huoshwa. Usimtendee mwenzako usilotaka kutendewa, maana kesho ni zamu yako. Lakini mto hauna zamu. Mto Nairobi unaingia Athi, Athi inakuwa Galana, kisha Sabaki, halafu Bahari ya Hindi karibu na Malindi. Anayechota maji huko hawezi kunirudishia chochote, kibaya wala kizuri.

Utaniambia uchafu hurudi, kwamba sukuma zinazomwagiliwa kwa mto huu tunazila sisi wenyewe. Kweli. Ila kama sababu yangu ni sukuma tu, nikipata mama mboga anayenunua kwingine niko huru kuendelea kumwaga. Hapo sijamjali mtu, nimejali tumbo langu.

Jirani wa mlango wa pili nitamheshimu kwa hofu, kwa aibu, au kwa sababu kesho nitamkopa chumvi. Mtu wa Sabaki hana namna ya kunitisha wala kunishukuru. Nikimjali, ni kwa sababu moja: naye ni mtu. Simjui, ndiyo. Lakini bomba nalijua.

Haya hayamwondolei mwenye ploti lawama. Yeye ndiye alijenga choo bila kukiunganisha, na anakula kodi yetu kila mwezi. Tumdai. Ila kumdai na kunyamaza ni vitu viwili, na mimi nilichagua kunyamaza huku nikijiambia namdai.

Mkutano mwingine ni Jumapili. Nitasema alipe nusu, nasi nusu, na kwamba yangu iko tayari. Wakinicheka, sawa. Mwezi uliopita hakuna aliyenicheka, na sikulala.