Mlezi wa Siku Mbili

Tangu treni ya umeme ianze kuchukua abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro mwaka 2024, jamaa nyingi, za hapa nchini na za ng'ambo, zaona ni jambo jepesi kwenda kupumzika chini ya milima ya Uluguru. Hatuwalaumu. Lakini mtoto wa miaka miwili hapandi mlima hata Morningside. Basi huulizwa mwenye nyumba ya wageni, naye humwita binti wa jirani ashinde na mtoto. Je, ni halali kumkabidhi mtoto wetu kwa mtu tusiyemjua, kwa ujira wa siku mbili?

Kumwajiri mlezi si dhambi. Kitabu cha Kutoka chatueleza habari za binti Farao, aliyeahidi mshahara kwa mwanamke amnyonyeshee Musa. Wala hakujua kwamba aliyemwajiri ndiye mama mzazi. Hilo ndilo wasafiri wasahaulo: yule tumwitaye mlezi amekuja kwetu na nyumba yake moyoni, na wadogo zake aliowaacha.

Wazazi, na ni haki yao, huuliza mengi juu ya binti huyo: ni mwaminifu? ana afya? amewahi kulea? Ni wachache mno waulizao yeye ni binti wa nani. Na kwa Waluguru swali hilo si la adabu tu. Kwao mtoto ni wa ukoo wa mama, na mjomba ana neno kubwa juu yake. Anayepatana na mwenye nyumba ya wageni peke yake amempita mama, amempita mjomba, kana kwamba ameazima kiti. Hodi moja kwa mama yake yatosha kuondoa aibu hiyo. Tena hapo ndipo mgeni atakapojua ni nani anayemwachia mtoto wake.

Kisha umri. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 yamhesabu kuwa mtoto kila aliye chini ya miaka 18. Yamruhusu aliyefikia miaka 14 kufanya kazi nyepesi, lakini yakataza kazi ya usiku, tangu saa 2 usiku hata saa 12 asubuhi. Basi wazazi waendao kula mjini na kurudi saa 5, wakimwacha msichana wa miaka 15 akisinzia kando ya kitanda, wamevunja sheria. Watasema: yeye mwenyewe alikubali. Naam, mwenye shida hukubali mengi. Papa Leo XIII alifundisha katika Rerum Novarum, mwaka 1891, kwamba kukubaliana peke yake hakufanyi ujira uwe wa haki. Nasi twaona hoja hiyo yafika hata kwenye saa za kazi.

Lakini linalotusumbua kuliko yote ni hili. Wazazi wamerudi, wamemkuta mtoto wao amelala salama, wamemshukuru Mungu. Binti amepewa noti zake, mlango umefungwa. Nani amemsindikiza? Njia ya kwao yapanda mlimani, na giza ni lile lile ambalo wao wasingethubutu kumpitisha mtoto wao. Ulinzi tuliomdai kwa saa nne, twamnyima yeye kwa nusu saa. Mlezi wa jioni na awe mtu mzima. Na huyo naye, usiku ukiingia, wazazi wenyewe wamfikishe hadi mlangoni pa jamaa zake, ujira wake ukiwa mkononi.